Kromosomu Maradufu na Jasho la Mkulima

Ndugu wanachuo, wale mtakaofundisha Ngara na Biharamulo mtawakuta watoto walioujua ulezi tangu uji wao wa kwanza. Kwa hiyo, somo la urithi wa mimea lisianzie kwenye ngano ya vitabuni. Lianzie kwenye suke la ulezi.

Yampasa mwalimu kujua kwamba chembe hai ya ulezi ina kromosomu 36. Ile nyasi ya kandokando ya njia inayofanana na ulezi, ambayo wataalamu huiita Eleusine indica, inazo 18. Hapo kale jamaa ya nyasi hiyo ilichanganyika na nyasi nyingine. Mmea chotara wa namna hiyo aghalabu huwa tasa, kwa kuwa kromosomu zake hazina wenzi wa kulingana nazo. Zikiongezeka maradufu, kila moja hupata mwenziwe, na mmea huweza kuzaa.

Hapa mwalimu asiyejiandaa hujikwaa: huwaambia watoto kuwa kromosomu zikizidi, mavuno nayo huzidi. Hivyo sivyo. Mwaka 1937 ilijulikana kuwa dawa iitwayo kolkisini huongeza kromosomu maradufu, na baadaye shayiri ikajaribiwa. Punje zilinenepa, lakini mmea ulikawia kukua na punje zikapungua idadi.

Tena, ulezi unaye ndugu wa mwituni mwenye kromosomu 36 zile zile. Punje zake zikiiva hupukutika chini, wala hazingoji kisu cha mvunaji. Punje za ulezi hushika sukeni kwa sababu wakulima wa nyanda za juu za Afrika Mashariki walichagua mbegu, msimu hata msimu, kwa maelfu ya miaka. Mwalimu anayezisifu kromosomu peke yake huwanyima bibi za wanafunzi wake heshima wanayostahili.

Maoni yangu ni haya. Neno kromosomu lisiwe mzigo kwa watoto wadogo. Wapeni suke la ulezi na suke la nyasi ya njiani. Wapukuse, wahesabu na kulinganisha punje. Kisha wakamwulize bibi nyumbani huchaguaje mbegu. Wakirudi na majibu, waelezeni kuwa tofauti waliyoiona ina sababu zaidi ya moja, na kwamba mojawapo ni kazi ya mikono ya wazee wao.