Maji ya Rejeta Yanakwenda Wapi?

Ziko nyumba nyingi hapa mwambao zinazoishi kwa lori moja kuukuu. Lori hilo likilala gereji, karo hulala nalo, na duka la jirani hufungua ukurasa mwingine wa deni. Ndiyo maana leo tunauzungumza ugonjwa wa rejeta, na hasa pamoja na akina mama, ambao mara nyingi ndio washika hesabu.

Lori likichemka mara moja, huenda ni mpira wa maji uliopasuka. Likichemka mara tatu, na kila mara imenunuliwa spea mpya, basi kilichobadilishwa hakikuwa chanzo. Kabla ya kutoa fedha ya spea ya nne, fundi na aulizwe: linachemka wakati gani, na maji yanakwenda wapi?

Likichemka limesimama katika foleni ya Changamwe, kisha likapoa lipatapo mwendo, tunaishuku feni: mkanda umelegea, au kava lake liling'olewa zamani na halikurudishwa. Likistahimili foleni lakini likachemka likipanda Mazeras na shehena, yaelekea rejeta imeziba ndani au pampu haisukumi maji ya kutosha. Na kuziba huku kwetu kuna sababu. Utingo hujaza maji ya kisima, na maji hayo huacha ukoko mweupe, ule ule tuuonao ndani ya birika, katika vijia vyembamba vya rejeta. Chumvi nayo hula chuma. Rejeta mpya ikifungwa kwenye injini ambayo kutu yake haikusafishwa, nayo itaziba vile vile.

Maji yakipungua pasi na tone kuonekana chini, jambo ni zito zaidi. Huenda gasketi ya silinda hedi imeungua, au hedi ina ufa. Tazameni moshi mweupe usiokwisha hata injini ikiisha kupata moto, oili iliyogeuka rangi ya chai ya maziwa, na mapovu yasiyokoma ndani ya rejeta injini ingali baridi na inaunguruma. Hedi ikifunguliwa, ipimwe kama imepinda. Gasketi mpya juu ya hedi iliyopinda haidumu.

Kifuniko cha rejeta ni kitu kidogo na cha bei nafuu, nasi tungependa uchunguzi uanzie hapo. Maji yaliyobanwa huchemka juu ya nyuzi 100. Mpira wa kifuniko ukichakaa, yatachemka mapema na kumwagika hata kama rejeta ni nzima. Ama ile desturi ya kuing'oa thamostati na kuitupa, hatuiafiki. Katika injini nyingi kifaa hicho hufunga pia njia ya mkato; kikiondolewa, sehemu ya maji hurudi kwenye injini bila kupita katika rejeta, na joto hubaki pale pale.

Tunashauri liwepo daftari. Kila asubuhi, injini ikiwa baridi kabisa (kifuniko cha moto hakifunguliwi, mvuke wake huunguza uso), utingo aeleze ameongeza lita ngapi, lori lilichemka wapi jana na lilikuwa na mzigo gani. Baada ya majuma mawili fundi asomewe daftari hilo kwanza, kisha ndipo ataje spea anayoitaka.