Mate ya Mmoja, Siri ya Ukoo Mzima

Wazee wangu, kina mama na vijana wa Buger,

  

Nawaandikia kuhusu jambo lililozuka kwenye kundi letu la WhatsApp. Vijana wanataka niwanunulie kipimo cha vinasaba: unatema mate kwenye kichupa, unakituma kwa posta, kisha unaletewa asilimia za asili yako kwenye simu. Wanataka kumaliza ule ubishi wa kama sisi Wairaqw kweli tulitoka Iraq.

Kichupa hakitaumaliza. Mwaka 2017 wanasayansi walichapisha vinasaba vya mtu aliyezikwa miaka kama 3,100 iliyopita Luxmanda, Babati, palipoishi wafugaji wa kale. Asilimia 38 hivi ya asili yake ilihusiana na wakulima wa kwanza wa Levanti, pwani ya mashariki ya Mediterania; iliyobaki ni ya Afrika yenyewe. Hapo Iraq inatoka wapi? Tena tunazo koo zenye asili ya kabila la Wadatoga. Watu wa koo hizo wamelima nasi, wamezika nasi, ni Wairaqw. Asilimia za kwenye simu zisije zikamtoa mtu kwao.

Kinachonitia hofu zaidi ni siri zetu. Anayetema mate anawafichua pia wazazi, ndugu na watoto ambao hawakuulizwa. Mwaka 2023 kampuni ya 23andMe ya Marekani, inayouza vipimo vya aina hii, iliibiwa taarifa za wateja. Wezi waliingia kwenye akaunti kama 14,000 tu, ila kwa kuwa wateja walikuwa wameunganishwa na jamaa zao humo, wakachota taarifa za watu milioni 6.9. Machi 2025 kampuni ikaenda mahakamani kwa kufilisika, na hazina ya vinasaba ikatafutiwa mnunuzi. Nywila ikiibiwa unaibadilisha. Damu ya babu yako utaibadilishaje?

Sisemi tukatae utafiti. Mwaka 2007 damu ya Watanzania, Wakenya na Wasudani ilionyesha kwamba uwezo wa wafugaji wetu kunywa maziwa ukubwani ulizuka huko huko Afrika, mbali na ule wa Wazungu. Hiyo ni elimu yetu. Lakini anayekuja na sindano aanzie mkutano wa kijiji: sampuli inakwenda wapi, nani ataitumia, majibu yatarudi lini? Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 inazihesabu taarifa za vinasaba kuwa nyeti, kwa hiyo kuuliza ni haki yenu.

Vijana, kichupa sinunui. Nanyi wenyeviti wa vitongoji, nawaomba jambo hili liingie kwenye ajenda ya mkutano ujao.

Ndugu yenu,
Minnesota