Nani Kalipima Bega la Haye?

Kijiweni kwetu kuna kesi isiyofungwa. Kila bondia mkubwa akijitoa kwenye pambano kwa sababu ya kuumia, kahawa haijapoa hukumu imeshatoka: "Huyo kaingia mitini!" Shahidi hayupo, daktari hayupo, na mahakimu ni sisi wenyewe tulio kwenye benchi. Na kesi hiyo ikianza, lazima jina la David Haye, yule Mwingereza, lirudishwe kizimbani.

Nimechoka. Leo namtetea, na najua nitazomewa.

Kwanza niwape wapinzani wangu haki yao, maana mashtaka si ya kutunga. Juni 2009 Haye alikuwa apigane na Wladimir Klitschko huko Gelsenkirchen, Ujerumani. Akajitoa, akasema mgongo. Walipokutana hatimaye Hamburg, Julai 2, 2011, alipigwa kwa pointi na kupoteza mkanda wake wa WBA. Baada ya pambano akavua kiatu na kuwaonyesha watu kidole kidogo cha mguu, akidai kilikuwa kimevunjika. Dunia nzima ikacheka. Ukafika mwaka 2013. Mwezi Juni alikuwa apambane na Manuel Charr mjini Manchester, akajitoa, mkono. Septemba 28 ilikuwa zamu ya Tyson Fury, Manchester hapo hapo. Zikiwa zimebaki siku chache tu, akachanika juu ya jicho akiwa kwenye sparingi, pambano likasogezwa hadi Februari 8, 2014. Novemba likafutwa kabisa: Haye alifanyiwa upasuaji wa bega la kulia, na madaktari wakamshauri aachane na ngumi.

Mgongo, kidole, mkono, jicho, bega. Ukiyapanga hivyo mfululizo, hata mama yake mzazi angeanza kujiuliza. Fury mwenyewe hakuuma maneno: alisema aliingiwa na shaka tangu mara ya kwanza, na kwamba Haye alikuwa anamwogopa. Wengi tukaitikia amina. Mimi nilikuwa mtoto wa shule ya msingi wakati huo, na niliimba "Haye mwoga" kwa sauti kuliko wenzangu wote, ingawa ulingo nilikuwa sijauona hata kwa mbali.

Sasa sikilizeni upande wa pili.

Machi 4, 2017, London, Haye alipanda ulingoni na Tony Bellew. Raundi ya sita mshipa wa kisigino chake ukakatika. Huu ndio mshipa unaoubeba mwili unapotembea, achilia mbali unapokwepa ngumi za mtu mzito. Aliyetafuta kisingizio alikuwa amekipata, tena cha kuonekana na dunia nzima. Angekaa kwenye kigoda tu, basi. Haye hakukaa. Aliendelea kwa mguu mmoja, akiyumba, akishika kamba, akianguka na kuinuka, mpaka raundi ya kumi na moja kona yake ilipotupa taulo. Kona ndiyo iliyotupa. Yeye alikuwa bado anapigana.

Najua mtanijibu: mguu wa 2017 hauthibitishi bega la 2013. Kweli kabisa, na sidai hivyo. Ninachodai ni kidogo zaidi, ila kinatosha: ile sababu yenu ya woga imekufa. Mtu anayeogopa kupigwa hapigwi raundi tano akiwa kilema. Kama bega lilikuwa la uongo, tafuteni sababu nyingine, na mje nayo pamoja na ushahidi. Huyo mnayesema alijificha alikuwa na miaka 33 alipojitoa, umri ambao bondia anahesabu miezi, na hakurudi ulingoni hadi Januari 2016. Miaka mitatu na nusu ilipita kati ya pambano lake na Dereck Chisora na hilo la kurejea.

Tena oneni. Marudiano na Bellew yalipangwa Desemba 2017. Haye akaumia msuli wa mkono, yakasogezwa. Kijiwe kikalipuka upya: "Si tulisema!" Mei 5, 2018 akapanda ulingoni, akapigwa raundi ya tano, na mwezi uliofuata akastaafu. Mwili ule ulikuwa umekwisha. Ile orodha tuliyoisoma kama orodha ya visingizio inaweza kusomwa pia kama cheti cha mwili unaobomoka kipande kwa kipande. Herufi ni zile zile. Mbona sisi tulichagua usomaji mmoja tu?

Na mkuki kwa nguruwe, kwa binadamu mchungu. Fury, mshitaki wetu mkuu, alikuwa arudiane na Klitschko Julai 2016. Akajitoa, kifundo cha mguu. Likapangwa la Oktoba, akajitoa tena, na baadaye akaueleza ulimwengu hadharani jinsi msongo wa mawazo na dawa za kulevya vilivyokuwa vinammaliza. Ugonjwa huo hauna bandeji ya kuonyesha wapiga picha. Kisha Februari 2024, zikiwa zimebaki wiki mbili akutane na Oleksandr Usyk mjini Riyadh, akachanika juu ya jicho kwenye sparingi. Jicho, sparingi, siku chache kabla: kisa kile kile cha Haye! Ilibidi video ya tukio itolewe, na bado wapo waliosema anazuga. Mei 18 alipanda, akapigana raundi zote kumi na mbili, akashindwa kwa pointi kwa kura ya majaji waliogawanyika. Je, huyo naye alikuwa mwoga?

Jambo hili si geni. Februari 1964, mjini Miami Beach, Sonny Liston alibaki kwenye kigoda kabla ya raundi ya saba, akamwachia Cassius Clay ubingwa, akalalamika bega. Madaktari waliompima walisema bega limeumia kweli. Zaidi ya miaka sitini imepita, na wapo ambao mpaka leo hawataki kuwasikia madaktari hao. Hadithi ya uongo ni tamu kuliko msuli uliochanika.

Hapo ndipo linapotugusa sisi tunaojiita waandishi chipukizi. Mimi naandika riwaya. Elimu yangu ni ya kidato cha nne, na daftari zangu zimejaa wahusika waoga, wasaliti na waongo, kwa sababu ni rahisi kuwaandika. Mtu akikimbia, naandika "aliogopa," nafunga sura. Sijawahi kumuuliza anaumwa wapi. Kumbe tabia yangu ya kijiweni ndiyo inayoandika vitabu vyangu.

Na kuna gharama nyingine kubwa kuliko vitabu. Mtaani kwetu kuna mshikaji alikuwa anapigana ngumi za kulipwa, za malipo ya nauli na chipsi. Sitamtaja jina. Wiki moja kabla ya pambano mkono wake wa kulia ulivimba, akasema ataomba liahirishwe. Tukamcheka. "Na wewe umekuwa Haye?" Mimi ndiye niliyesema hivyo, watu wakashangilia. Akafunga bandeji, akapanda. Alishinda, tukambeba juu juu. Mkono ule mpaka leo haukunji ngumi, hata ndoo ya maji anabeba kwa kushoto. Hajawahi kunilaumu. Angenilaumu ningepata nafuu.

Sisemi tuwaamini mabondia kama watoto. Shaka ni haki ya aliyelipa kiingilio. Mapromota wanaficha mengi, na mashabiki wanabaki na tiketi na hasara. Basi tudai jambo la maana: bondia akijitoa apimwe na daktari asiyelipwa na kambi yake wala na promota, na tiketi zirudishiwe fedha bila longolongo. Hapo hata mwongo atakamatwa. Lakini shaka si hukumu. Adhabu ya kaburi aijuaye maiti, na maumivu ya bega anayajua mwenye bega.

Sijui kama nimemshawishi yeyote kijiweni. Anayepinga aandike, kurasa ni za wote. Ila aje na hoja, na jina lake kamili chini, kama mimi. Na kabla hajaandika, apite kwanza mtaani kwetu ampe mshikaji wangu mkono. Ampe wa kushoto.