Uwanja wa Umma Hauuzwi

Klabu ya michezo ya mtaa mmoja wa Eastlands, jijini Nairobi, imepewa siku 14 iondoke katika uwanja wake. Si klabu yenye mali ya kuonea fahari. Ina magoli mawili ya mbao, banda la mabati la kuhifadhia jezi na glavu za ndondi, na vijana ambao bila mazoezi ya jioni wangeishia vichochoroni. Jumapili banda hilo hilo ni kanisa. Sasa ametokea bwanyenye mwenye hatimiliki mkononi, na tingatinga linangoja amri yake.

Huenda msomaji akauliza: kandanda na mageuzi ya kisiasa vinahusiana vipi? Tunajibu kwamba Julai 7, 1990, wananchi waliodai vyama vingi hawakuitwa hotelini. Waliitwa Kamukunji, uwanja wa wazi wa walalahoi. Serikali iliupiga marufuku mkutano ule, na waliofika wakakutana na virungu.

Kifungu cha 2A kilipofutwa Desemba 1991, tulishangilia. Hatukung'amua upesi kwamba watawala wangetafuta njia mpya ya kununua utiifu. Tume ya Ndung'u, katika ripoti yake ya mwaka 2004, ilieleza kwamba ardhi nyingi ya umma iligawiwa kinyume cha sheria karibu na chaguzi za 1992, 1997 na 2002. Hatimiliki haramu zilikadiriwa kufikia 200,000. Viwanja vya michezo, shule, misitu, hata makaburi havikusazwa. Kwa maneno mengine, gharama za kisiasa zililipwa kwa viwanja vya watoto wetu.

Waumini wanaikumbuka habari ya Nabothi. Kabla shamba lake la mizabibu halijatwaliwa, Yezebeli aliandika barua, akazipiga muhuri wa mfalme, na mashahidi wa uongo wakapatikana. Dhuluma ilianzia kwenye karatasi. Ndivyo inavyoanza hata leo.

Lakini karatasi yenye muhuri si mwisho wa shauri. Kifungu cha 40(6) cha Katiba ya 2010 hakilindi mali iliyothibitishwa kuwa ilipatikana kinyume cha sheria. Aprili 2023, katika shauri la ardhi ya ufuoni Nyali, Mombasa, Mahakama ya Juu iliamua kwamba ikiwa ugawaji wa kwanza haukufuata sheria, hata mnunuzi wa baadaye anayedai hakujua hawezi kujikinga kwa hatimiliki yake. Na hizo siku 14? Sheria ya Ardhi, kama ilivyorekebishwa mwaka 2016, inamtaka hata mwenye ardhi ya kibinafsi atoe notisi ya maandishi isiyopungua miezi 3.

Kwa hiyo twawasihi viongozi wa klabu: tafuteni rekodi za kiwanja hicho katika sajili ya ardhi. Kusanyeni kumbukumbu za mikutano, picha za zamani na ushahidi wa wazee. Hakikisheni klabu imesajiliwa chini ya Sheria ya Michezo ya 2013. Kisha nendeni Mahakama ya Mazingira na Ardhi kabla tingatinga halijafika. Kuzuia ni rahisi kuliko kujenga upya.

Makanisa nayo yasingoje vumbi litulie ndipo yatoe taarifa ya masikitiko. Januari 2015, wanafunzi wa Shule ya Msingi ya Lang'ata Road walirushiwa gesi ya kutoa machozi walipoandamana kutetea uwanja wao. Uwanja ulirejeshwa, lakini ni aibu kwetu watu wazima kwamba watoto ndio waliotangulia mbele.

Kura zitaombwa tena, na wagombea watakuja kusimama kwenye nyasi za uwanja huu huu. Kabla ya kuwapigia makofi, tuwaulize: siku ya kusikizwa kwa kesi ya klabu hii, mtakuwa upande gani wa mahakama?