Nani Mwenye Mechi? Usaliti Uwanjani na Mustakabali wa Kakamega Homeboyz

Mnamo Februari 2020, Shirikisho la Kandanda Duniani, FIFA, lilitoa uamuzi ulioitia doa timu ya Kakamega Homeboyz na kuwaachia mashabiki wake jeraha. Wachezaji wanne waliowahi kuvaa jezi ya timu hiyo walipatikana na hatia ya kushiriki njama ya kimataifa ya kupanga matokeo ya mechi za Ligi Kuu ya Kenya. Watatu, raia wa Kenya, walipigwa marufuku ya miaka 4 kila mmoja. Wa nne, raia wa Uganda, alifungiwa maisha.

Makala haya yananuia kujadili kosa hilo na mustakabali wa timu iliyotendewa kosa hilo. Ninaandika nikiwa shabiki, wala si mwanasheria. Hoja yangu ni kwamba adhabu ile ilikuwa ya haki, lakini adhabu peke yake haiwezi kuilinda timu. Mlango aliopitia mnunuzi wa mechi bado uko wazi, na waliouacha wazi si wachezaji peke yao.

Hebu tuanze na lugha, kwa kuwa lugha ndiyo jembe letu. Magazeti na taarifa rasmi husema "kupanga matokeo". Katika majukwaa ya uwanja wa Bukhungu ni nadra kuisikia kauli hiyo. Huko husemwa "wameuza mechi" au, kwa ufupi wenye uchungu, "wameuza". Naona kwamba kauli ya jukwaani ina upeo mkubwa kuliko ile ya ofisini. Kupanga ni neno safi. Hata waadilifu hupanga mambo yao. Lakini kuuza huzua swali papo hapo: aliyeuza aliuza mali ya nani?

Mchezaji ana mali yake, nayo ni nguvu, kipawa na muda wake. Hivyo huviuza kwa klabu kupitia mkataba, na hakuna wa kumlaumu akivipandisha bei. Matokeo ya mechi si mali yake. Si ya kocha wala si ya mwenye klabu. Ni ya wenzake kumi waliotoka jasho pamoja naye, ya wapinzani wao, na ya kila aliyetoa kiingilio na kupiga isikuti hadi viganja vikawaka moto. Kwa hiyo anayeuza mechi ameuza shamba lisilo lake, na waliolilima bado wamo ndani wakipalilia.

Sisi wanafunzi wa fasihi tuna njia nyingine ya kulipima kosa hili. Tumezoea kuketi mbele ya jukwaa la maigizo tukijua kwamba mwisho umekwisha kuandikwa. Mhusika anayeuawa katika onyesho la mwisho huinuka pazia likishuka, wala hatuoni kuwa tumedanganywa, maana hayo ndiyo makubaliano baina yetu na mtunzi. Kandanda ina makubaliano ya kinyume. Dakika 90 hazina mtunzi. Twaenda uwanjani kwa sababu hakuna mja ajuaye mwisho, si rais wa shirikisho, si refa, si kocha. Beki anayejiangusha kwa makusudi ili mshambuliaji apite anatuigizia tamthilia bila kutuarifu kwamba tumeingia katika ukumbi wa maigizo.

Ndiyo maana hasara ya mechi iliyouzwa haiishii katika pointi 3 zilizopotea. Kushindwa ni haki ya shabiki, ajabu kama kauli hii inavyosikika. Timu yetu ikishindwa kwa haki, twahuzunika, twabishana njiani kurudi nyumbani, twamlaumu kocha, kisha twarejea wiki inayofuata. Huzuni hiyo ndiyo inayoipa furaha ya ushindi utamu wake. Mechi ikiuzwa, tunanyang'anywa hata huzuni yetu, kwa kuwa tumelilia kitu ambacho hakikutokea.

Tena shaka haichagui. Kipa akiponyokwa na mpira rahisi, minong'ono huanza. Mshambuliaji akipaisha penalti, mtu huuliza amelipwa ngapi. Yule aliyeteleza kwa sababu ya matope ya mvua za Kakamega anabebeshwa mzigo wa yule aliyeteleza kwa sababu ya pesa. Kijana wa miaka 19 anayeingia kikosini leo anarithi tuhuma za watu asiowajua, na hana mahakama ya kumsafisha. Kwa hakika, wanaoumia zaidi kutokana na mechi iliyouzwa ni wachezaji waaminifu.

Kuhusu wakosaji wenyewe, kuna kauli mbili zinazosikika kila mara, nami siridhiki na yoyote kati ya hizo mbili. Ya kwanza husema kwamba vijana hawa ni maskini, hivyo tusiwalaumu. Ya pili husema kwamba hawa ni wasaliti, tuwatupe kisha tuendelee na mambo yetu.

Kauli ya kwanza ina ukweli ndani yake, na ukweli huo unastahili kuelezwa kwa mapana. Mechi zilizochunguzwa ni za mwaka 2019. Tukumbuke hali ya ligi yetu mwaka huo. Kampuni ya kamari ya SportPesa, iliyokuwa ikiifadhili Ligi Kuu pamoja na klabu za Gor Mahia na AFC Leopards, ilijiondoa baada ya mvutano na serikali kuhusu leseni yake. Mwezi Novemba mwaka huohuo, Sony Sugar, mabingwa wa mwaka 2006, walitimuliwa ligini baada ya kukosa kufika uwanjani katika mechi tatu. Msimu uliofuatia mtikisiko huo ulikuwa wa wachezaji kugoma, kudai mishahara, na kusafiri kwa mabasi usiku kucha kwenda kucheza mchana. Simaanishi kwamba klabu yoyote niliyoitaja iliwatuma wachezaji kuuza mechi. Ninamaanisha kwamba mnunuzi wa mechi husoma magazeti kama sisi, na anajua ni wapi njaa imepiga hodi.

Jambo hili si dhana tupu. Mwaka 2012 FIFPro, muungano wa kimataifa wa vyama vya wanakandanda wa kulipwa, ulichapisha utafiti uliowahoji wachezaji zaidi ya 3,000 wa Ulaya ya Mashariki. Takriban 41 kati ya kila 100 walisema kwamba hawakulipwa kwa wakati. Miongoni mwa waliowahi kufuatwa ili wauze mechi, zaidi ya nusu walikuwa wakicheleweshewa mishahara. Ikiwa hali ni hiyo huko, sisi wa Magharibi mwa Kenya tusijidai kushangaa.

Wala ugonjwa huu haukuanzia Kakamega. Mwaka 2019 FIFA ilimfungia beki wa zamani wa Harambee Stars kwa miaka 10 na kumtoza faini ya faranga 15,000 za Uswisi kutokana na mawasiliano yake na Wilson Raj Perumal wa Singapore kati ya mwaka 2009 na 2011. Perumal ndiye aliyekamatwa na kufungwa nchini Ufini mwaka 2011 kwa kuhonga wachezaji, wakiwemo Waafrika waliokuwa wakicheza katika mji wa Rovaniemi ulio kaskazini mwa nchi hiyo. Mtu huyu hakuchagua kabila wala tabia ya nchi. Alitafuta wachezaji wanaolipwa vibaya na viongozi wasiotazama.

Hata hivyo, umaskini hueleza kosa, hauliondoi. Katika kila timu iliyocheleweshewa mshahara kulikuwa na wachezaji waliokaa njaa na wakacheza. Walikuwa na kodi ya nyumba vilevile, na wazazi waliosubiri kutumiwa chochote kwa simu. Tukisema kwamba njaa ndiyo iliyouza mechi, tunawatukana hao waliokataa. Tunawaambia kwamba uaminifu wao ulikuwa bahati mbaya ya kutofuatwa na mnunuzi. Siwezi kukubali hilo, na ndiyo sababu naunga mkono adhabu iliyotolewa.

Kauli ya pili nayo hujificha nyuma ya methali isemayo kwamba samaki mmoja akioza, wote wameoza. Methali ni hazina yetu, lakini si kila methali yafaa kila mahali. Tazama yaliyofuata. Mwaka 2021, timu ya Zoo ya Kericho ilifukuzwa kutoka Ligi Kuu kwa uamuzi wa FIFA kuhusiana na upangaji wa matokeo. Hapo mtumbwi mzima ulizama pamoja na waliokuwa wakipiga makasia kwa uaminifu. Homeboyz haikuzama. Msimu wa 2021/22 ilimaliza ligi ikiwa sawa kwa pointi na Tusker, ikakosa ubingwa kwa tofauti ya mabao tu. Mwaka 2023 ilitwaa Kombe la FKF, na kwa njia hiyo ikaiwakilisha Kenya katika Kombe la Mashirikisho la Afrika. Timu iliyoambiwa kwamba imeoza ilikuwa bado na samaki hai wengi.

Basi nini kifanyike ili yasijirudie? Kwanza, mshahara uwe sharti la kucheza ligi, wala usiwe ahadi. Mfumo wa leseni za klabu upo ili kupima, pamoja na mengine, kama klabu inaweza kugharimia shughuli zake. Mfumo huo ukitumiwa kwa ukali dhidi ya klabu ndogo na kwa huruma dhidi ya klabu kubwa, hautakuwa na maana. Klabu isiyoweza kulipa kikosi cha wachezaji 30 na isajili 20 inaoweza kuwalipa.

Pili, kuwe na mahali salama pa kupiga ripoti. Kanuni za FIFA humlazimu mchezaji aliyefuatwa na mnunuzi kutoa habari mara moja. Akinyamaza, hata kama hakupokea senti, anaweza kuadhibiwa. Kanuni hiyo ni njema, ila inasahau jambo moja: kijana huyo amwambie nani? Akimwambia nahodha, huenda nahodha ndiye aliyemleta mnunuzi. Akimwambia kiongozi wa klabu, huenda akaachwa nje ya kikosi kesho yake. Chama cha wachezaji, KEFWA, kingefaa kuwa sikio hilo, mradi tu shirikisho likiheshimu na kulilinda jina la anayesema.

Tatu, tuamue namna ya kuwapokea waliomaliza adhabu. Miaka 4 iliyotolewa Februari 2020 ilikwisha mwaka 2024. Wapo mashabiki wanaotaka marufuku iendelee kimyakimya, kwamba mtu huyo asikanyage hata uwanja wa shule ya msingi. Mimi nasema kwamba adhabu iliyo na mwisho iheshimiwe mwisho wake. Zaidi ya hayo, aliyewahi kupigiwa simu na mnunuzi ana elimu ambayo hakuna kocha anayeweza kuitoa darasani. Anajua mnunuzi huanza kwa maneno gani, huleta zawadi gani ndogo kabla ya fedha, na hutisha vipi baadaye. Mtu huyo akikubali kusimama mbele ya wachezaji chipukizi na kuyasema hayo, atakuwa ameilipa timu deni ambalo miaka 4 ya kukaa nje haikulilipa.

Nne, na hapa natugeukia sisi wenyewe. SportPesa ilianza shughuli zake nchini mwaka 2014, na tangu hapo kamari imehamia mfukoni mwa kila mwenye simu. Pita katika mabweni ya chuo chochote Jumamosi jioni. Mikopo ya elimu ya juu inageuka dau kabla haijageuka vitabu. Shabiki aliyeweka pesa kwamba timu yake itashindwa, kisha akaketi jukwaani amevaa jezi yake, ana mioyo miwili kifuani. Na yule anayepaza sauti "mmeuza!" kwa sababu tu ubashiri wake umeharibika hana uchungu na timu, ana uchungu na shilingi zake. Simweki sawa na aliyepokea hongo, kwa kuwa yeye hana uwezo wa kumwacha mshambuliaji apite. Lakini soko huwa na pande mbili, nasi tumo katika upande mmojawapo. Hongo inayomfikia beki wa Kakamega hutoka katika faida inayotarajiwa kutokana na madau ya watu wasiomjua.

Kwa hivyo, shabiki wa kweli wa Homeboyz, na wa timu nyingine yoyote, ana wajibu mdogo unaowezekana: asiibashirie kamari timu yake, wala asimwite mchezaji muuzaji pasipo ushahidi. Wajibu wa kwanza unapunguza soko. Wa pili unamwachia mchezaji mwaminifu nafasi ya kukosea kama binadamu.

Mustakabali wa timu yetu hautapimwa kwa vikombe pekee, ingawa vikombe navitaka. Utapimwa siku tutakapofungwa bao la dakika ya 90, beki wetu akiwa chini matopeni, na jukwaa zima likashika kichwa kwa huzuni bila mtu hata mmoja kuuliza amelipwa ngapi. Siku hiyo, hata kama tumeshindwa, mechi itakuwa imerudi kwa wenyewe.