Neno la Mhariri: Tuhesabu Koo za Tembo, Si Vichwa Pekee

Basi la Iringa kwenda Morogoro hukatiza Hifadhi ya Taifa ya Mikumi kwa kilomita zipatazo 50, na humo abiria huanza kuhesabu: tembo watatu, watano, na yule kule wa sita. Serikali nayo huhesabu, kwa ndege. Makadirio ya sensa yalikuwa tembo 109,051 nchi nzima mwaka 2009, na 43,330 mwaka 2014. Takwimu hizo zilitushtua, na ilikuwa haki zitushtue. Lakini toleo hili, tulilolihariri hapa Mlandege, Iringa, lina hoja moja: idadi ni nusu tu ya habari, na nusu iliyobaki ndiyo itakayoamua kama tembo wa Hifadhi ya Taifa ya Ruaha watapona.

Hata hiyo nusu ya kwanza ina mashaka yake. Katika ikolojia ya Ruaha na Rungwa, sensa ya 2014 ilikadiria tembo 8,272, na ile iliyorudiwa mwaka 2015 ikakadiria 15,836. Tembo hubeba mimba kwa miezi 22. Hawawezi kukaribia kuongezeka maradufu ndani ya mwaka mmoja. Mabishano yaliyofuata yalihusu nani amehesabu sawasawa. Swali la kina nani waliobaki, wa umri gani na wa ukoo upi, halikupata nafasi.

Tembo jike huishi na mama yake, dada zake na watoto wao, na mara nyingi anayeongoza ni jike mwenye umri mkubwa kuliko wote. Madume huondoka wakishabalehe. Pembe hazikomi kukua, hivyo jangili hutafuta wazee, madume kwanza, kisha majike. Kundi lililopoteza robo ya tembo wake huenda limepoteza wote waliokuwa na miaka zaidi ya 40.

Madhara ya kupoteza wazee yamepimwa papo hapo Mikumi. Mwaka 2008 Kathleen Gobush na wenzake walichapisha utafiti uliotegemea kinyesi. Ndani ya kinyesi kuna vinasaba vinavyoonyesha nani ni ndugu wa nani, na homoni zinazopanda mwili ukiwa katika msongo. Zaidi ya muongo mmoja ulikuwa umepita tangu 1989, mwaka wa Operesheni Uhai dhidi ya ujangili na wa marufuku ya kimataifa ya biashara ya pembe. Malisho yalikuwa mazuri na nafasi ilikuwa tele. Hata hivyo, majike waliobaki bila kiongozi mzee, bila ndugu wa karibu na bila wenzao walioshikamana nao walikuwa na msongo mkubwa zaidi, na watoto wachache zaidi. Anayedhani kwamba ukomeshe ujangili tu na mengine yatajitengeneza, asome utafiti huo kwanza.

Hifadhi ya Taifa ya Tarangire inaeleza zaidi. Katika ukame mkali wa 1993, Charles Foley na wenzake walifuatilia ndama 81. Ndani ya miezi tisa 16 walikufa, wakati kwa kawaida vifo vya ndama huko havizidi wachache katika mia. Koo zilizotoka nje ya hifadhi kutafuta maji na malisho zilinusuru ndama wao kuliko ukoo uliobaki ndani, na huo uliobaki ulikuwa umeporwa majike wake wazee na majangili miaka ya nyuma. Watafiti walipendekeza kwamba majike wazee wa zile koo nyingine walikumbuka ukame wa 1958 hadi 1961, walipokuwa wadogo. Hilo ni pendekezo, halijathibitishwa, na ndama 16 ni wachache kwa mwanatakwimu. Mimi naliona lina nguvu kwa sababu linaafikiana na Amboseli, Kenya, ambako Cynthia Moss alianza kuwafuatilia tembo mmoja mmoja mwaka 1972. Mwaka 2001 Karen McComb, Moss na wenzao walionyesha kwamba familia zenye viongozi wazee zaidi ndizo zinazotofautisha vizuri mlio wa tembo wanaofahamika na mlio wa wageni. Mwaka 2014 wakaonyesha kwamba tembo wa huko hutofautisha sauti ya mwanamume wa Kimaasai na ya Mkamba, na huikimbia ya Mmaasai zaidi.

Wapo watakaosema tunawapa wanyama ubinadamu. Hofu hiyo ina msingi, ndiyo maana toleo hili halidai kwamba kila mnyama huongozwa na mzee. Nyani wa Mpala, Laikipia, nchini Kenya, waliovishwa kola za setilaiti, hawakumfuata dume mbabe. Utafiti uliochapishwa 2015 ulionyesha kwamba walifuata upande ulioelekewa na wengi. Kila jamii ya wanyama ina mpango wake, na mpango huo haujulikani bila kukaa nao.

Tunaomba basi Ruaha ipate ufuatiliaji wa muda mrefu, wa tembo mmoja mmoja, kama wa Amboseli. Wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo (SUA) wawemo, na askari wa wanyamapori wa vijiji vya Idodi na Pawaga, jirani na hifadhi, wawemo kama watafiti, walipwe kama watafiti, maana wao ndio wanaokutana na tembo hao mwaka mzima. Taarifa za sensa nazo zieleze umri na familia kila inapowezekana.

Na kazi ianze sasa. Tembo jike aliyekuwa na miaka 10 mwaka 2014 alishuhudia wakubwa wake wakiuawa; atafikisha 40 mwaka 2044. Tembo hutambulika kwa mipasuko na matundu ya masikio yao, na kamera ya kawaida inatosha kuyanasa. Kama hatapigwa picha akiwa bado kijana, mwaka 2044 hakuna atakayejua kwamba kiongozi wa kundi ni yeye, wala alijifunza kuongoza kwa nani.