YAYA NAYE NI MFANYI KAZI



Sisi tunaotoka Jericho na Kaloleni alfajiri kwenda viwandani hatukubali tajiri atuajiri kwa mdomo. Mbona yaya anayebaki na mtoto twamwajiri kwa mdomo? Sheria ya Kazi ya mwaka 2007 yasema mapatano ya kazi ya miezi 3 au zaidi yaandikwe, na mwenye kuyaandikisha ni tajiri. Hapo tajiri ni wewe, ndugu, maadamu wamlipa, hata akiwa binti wa shangazi yako!

Andikeni mshahara, saa za kazi, siku moja ya kupumzika katika 7. Tena andikeni mtoto akishikwa na homa mchana apelekwe wapi, kwa fedha ya nani. Yaya asiyejua kusoma aelezwe kwa lugha anayoifahamu, kisha atie kidole gumba.